Mang Jing (2003): kwa nini mwenye mgodi analipa haraka badala ya kuita polisi?

KANDILI

Wakuu, salaam. Kilabu yetu ya filamu imepanga kuonyesha Mang Jing ya mwongozaji Li Yang, ambayo nje ya China wengi wanaijua kama Blind Shaft. Nimepewa kuongoza mjadala na nimekwama kabla sijaanza.

Kwa ambao hawajaiona: Song Jinming na Tang Zhaoyang wanazunguka migodi midogo ya makaa ya mawe kaskazini mwa China. Wanamwokota mtu kijiweni anayehangaikia kazi, wanamwambia kuna mgodi unalipa vizuri lakini mwenyewe anachukua ndugu tu, kwa hiyo ajifanye ndugu yao. Wakishafanya naye kazi siku kadhaa wanamuua huko chini, wanaangusha mwamba, wanapanda juu wakiomboleza, wanapokea pesa ya msiba na kuhamia kwingine. Mtu wa kwanza anakufa filamu haijachanganya. Windo la pili ni Yuan Fengming, kijana wa miaka 16 aliyekatiza shule kwa sababu baba yake aliondoka kutafuta kazi na hajarudi.

Nilipokwama ni hapa. Mwenye mgodi hawajui hawa watu, ana vijana wake, anajuana na wakubwa. Kwa nini analipa baada ya kuvutana kidogo tu? Kwa nini lazima marehemu awe "ndugu"? Na kila uchambuzi ninaosoma unaiita filamu ya kisiasa, ilhali viongozi wa serikali karibu hatuwaoni, hakuna maandamano, hakuna hotuba. Siasa iko wapi? Kama kuna vipande mahususi vya kusimamisha na kujadili, vitajeni.

MATIMBA

Mkuu Kandili, siasa iko kwenye hesabu ya yule bosi. Ukiishika hiyo, mengine yanafunguka.

Anza na mgodi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 China ilikuwa na njaa ya nishati, serikali ikaruhusu vijiji na miji midogo kuchimba makaa yao. Ikazuka migodi makumi ya maelfu. Kwenye karatasi mgodi ni wa kijiji. Kwa vitendo anakabidhiwa mkandarasi, anayelipa ada na kubaki na kinachozidi. Mkataba ukiwa mfupi na ada kubwa, hakuna atakayetia pesa kwenye matimba ya kushikilia paa, feni za hewa au njia ya pili ya kutokea, ingawa sheria inataka kila mgodi uwe na njia mbili. Mwaka 1998 serikali kuu iliamuru migodi midogo 25,800 ifungwe. Mingi ilifungwa mchana ikafunguliwa usiku, kwa sababu mapato ya wilaya yalitoka humo, na baadhi ya maofisa walikuwa na hisa humo humo. Hili la hisa si maneno ya kahawani: Agosti 2005 Beijing ililazimika kutoa amri kwamba maofisa wote wajitoe kwenye hisa za migodi ya makaa kabla ya Septemba 22 mwaka huo.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mwenye mgodi wa namna hiyo, leseni hana, au anayo ya mlango wa nyuma. Mtu amekufa chini. Sheria inamtaka atoe taarifa, lakini kutoa taarifa ni kukiri kwamba mgodi upo na unafanya kazi. Wakaguzi watakuja, uzalishaji utasimama, na kila mkaguzi ana bei yake. Juu ya hapo kuna kanuni ya Aprili 2001 iliyowafanya viongozi wa serikali za mitaa wawajibishwe kwa ajali kubwa zinazotokea kwenye maeneo yao. Nia ilikuwa njema, wasifumbe macho. Kilichotokea ni kwamba bosi na kiongozi wa wilaya sasa walikuwa na hofu moja na dawa moja, ajali isiandikwe popote. Ndiyo maana bosi wa mwanzo haulizi nani kaua. Anauliza ipi nafuu, kuwalipa hawa wawili au kuwalipa wakubwa. Wafiwa ndio wa bei ya chini.

Tazama pia aina ya ajali wanayoichagua. Hawachezi na gesi. Methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka kwa cheche tu, na mlipuko unaua makumi, unafika kwenye televisheni, unaleta tume. Kifusi kinaua mmoja. Tena kifusi ndicho kifo cha kila siku cha mgodi usio na matimba, hakuna anayeshtuka. Mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya filamu kutoka, takwimu rasmi zilihesabu vifo 6,995 kwenye migodi ya makaa ya China, na sehemu kubwa ilikuwa kwenye migodi midogo. Humo, mtu mmoja zaidi ni chumvi baharini. Wauaji wamejificha ndani ya takwimu.

Kuhusu "ndugu": watu wengi wanadhani ndugu anahitajika ili pesa itoke tu. Bosi naye anamhitaji, pengine kuliko wale wawili. Maiti isiyo na mwenyewe ni hatari kwake, kwa sababu miezi sita baadaye mke au kaka halisi anaweza kutokea na kwenda kulalamika ngazi za juu. Akipata ndugu anayesaini, anayekubali maiti ichomwe haraka, anayeondoka na majivu, faili limefungwa. Kwa hiyo ile siyo fidia hata kidogo. Kwa Kiswahili tungesema kifuta machozi, na ukiwa mkweli zaidi, kifunga mdomo. Yale makaratasi ya kwamba mgodi hauwajibiki kwa kifo cha mchimbaji yalikuwa yamepigwa marufuku na Sheria ya Usalama Kazini iliyoanza Novemba 2002. Kwenye filamu yapo, kwenye migodi halisi yalikuwepo pia. Mtu asiye na namna yoyote ya kuthibitisha kwamba aliajiriwa hana pa kuipeleka hiyo sheria.

MWANAKHERI

Naendelea pale Matimba alipoishia, kwenye neno "ndugu", maana hapa msomaji wa Kiswahili anaona jambo ambalo manukuu ya Kiingereza yamelifuta.

Yuan anamwita Song "er shu". Shu ni mdogo wake baba, kaka wa mama ni jiu, na Wachina hawachanganyi. Kiingereza kina neno moja kwa wote wawili. Sisi tuna baba mdogo na mjomba, kwa hiyo Kandili, kama kuna atakayewatafsiria watazamaji papo hapo, asithubutu kusema mjomba. Mjomba ni wa ukoo mwingine. Baba mdogo ni baba, ana jina la ukoo wako, ana haki ya kukukanya, ana wajibu wa kukusomesha baba akikosekana. Na akikufia, au ukimfia, saini yake haihojiwi. Undugu wa kubuni unahitaji kitambulisho cha kubuni, na Yuan anapewa kimoja kinachomwongezea miaka ili aajirike. Vitambulisho vya wakati ule vilikuwa karatasi iliyofunikwa plastiki, fundi wa mtaani alivitengeneza. Vyenye chipu vilianza kutolewa 2004.

Uzuri wa hadithi ni kwamba lile jina la uongo linaanza kufanya kazi. Song anamgombeza kijana kama mtoto wa nyumbani, anamkuta akibeba vitabu vya shule mgodini, anaanza kuahirisha siku ya kumuua kwa visingizio: hajanywa pombe ya kiutu uzima, hajamjua mwanamke. Ukiangalia vizuri ni jando la haraka haraka, baba mdogo anamtoa mtoto ukumbini kabla ya kumzika. Halafu anaona picha ya baba wa kijana. Mtu waliyemuua mwanzo aliitwa Yuan. Hoja anayompa Tang si kwamba kuua ni vibaya. Anasema wakimuua huyu watakuwa wameufuta mlango wa watu, baba na mwana wa kiume. Kwenye vijiji vya China hiyo ni dhambi ya daraja lake peke yake, hakuna atakayewachomea wahenga ubani. Muuaji amebakiwa na kipande kimoja cha maadili na kipande chenyewe ni cha kale kuliko Chama cha Kikomunisti, kuliko soko.

Sasa ada. Song anatuma pesa kwa posta, ana mtoto shuleni. Yuan ameingia mgodini kwa sababu ya ada, na ana mdogo wake wa kike anayesoma. Marehemu wa kwanza naye aliondoka nyumbani kutafuta pesa za watoto. Watu watatu, sababu ile ile. Sheria ya elimu ya lazima ya miaka tisa ilipitishwa 1986, lakini shule za vijijini ziliendeshwa kwa michango ya wazazi, na ada hizo zilifutwa vijijini magharibi mwa nchi 2006 na vijijini kote 2007. Sekondari ya juu haikuwemo. Mtazamaji wa Dar, Kisumu au Bujumbura hahitaji maelezo marefu hapo.

Jambo la tatu ni hukou, daftari la kaya. Tangu sheria ya Januari 1958 kila Mchina aliandikwa ama mtu wa shamba ama mtu wa mji, na mtoto akarithi. Mtu wa shamba akienda mbali kufanya kazi alitakiwa awe na kibali cha ukaazi wa muda. Asipokuwa nacho polisi waliweza kumkamata, kumweka kizuizini na kumrudisha kwao. Mwaka huo huo filamu ilipotoka, Machi 2003, kijana Sun Zhigang alikufa Guangzhou baada ya kukamatwa hivyo, magazeti yakapiga kelele, na utaratibu huo ukafutwa Juni. Kandili, muulize mtazamaji swali hili: baba wa Yuan amepotea, kwa nini hakuna mtu kwenye filamu anayekwenda kituoni kuripoti? Atakayelijibu ameshaiona siasa aliyosema haipo.

MBISHI WA KWELI

Hongereni kwa darasa, ila naona mnawasafisha wauaji kwa sabuni ya "mfumo". Mamilioni ya wakulima wa China walikwenda mijini bila kibali, wakalipishwa ada hizo hizo, na hawakuua mtu. Kama kila kitu ni mfumo, Song na Tang wamebaki na nini cha kuhukumiwa?

La pili, mnaizungumzia kama habari ya leo. Serikali ilifunga migodi, ikaleta vitambulisho vya chipu, ikapandisha fidia. Filamu imeshapitwa, ni kumbukumbu tu.

MATIMBA

Hilo la pili nalijibu mimi, maana ndipo penye utamu wenyewe.

Fidia ilipanda kweli. Mwishoni mwa 2004 mkoa wa Shanxi, kitovu cha makaa, uliweka kiwango cha chini cha yuan (fedha ya China) 200,000 kwa kila mchimbaji anayekufa. Lengo lilikuwa kumfanya bosi aone kwamba kununua matimba ni rahisi kuliko kununua jeneza. Mgodi mkubwa uliosajiliwa ulielewa somo. Tangu Januari 2011 kanuni ya bima ya ajali kazini ikapandisha tena, malipo ya mkupuo kwa kifo kimoja ni mara 20 ya wastani wa kipato cha mkazi wa mjini kwa mwaka uliotangulia. Haki kabisa. Ila kwa genge la akina Tang, kila nyongeza ilikuwa nyongeza ya bei ya windo. Bosi mwenye jambo la kuficha bado alilipa nje ya vitabu, ila sasa wafiwa wa bandia walikuwa na kiwango cha serikali cha kuanzia kuvutana.

Na hawakuacha. Vyombo vya habari vya China vilianza kuyaita mauaji ya namna hii kwa jina la filamu, "uhalifu wa mtindo wa mang jing". Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Bayannur, Mongolia ya Ndani, waliwashtaki watu 74 kwa mauaji ya watu 17, na wengi wa washtakiwa walitoka wilaya moja ya Yanjin mkoani Yunnan. Pima hiyo, filamu ina wawili, kesi ina 74. Kuna wa kutafuta watu, wa kuandaa karatasi, wa kuua, wa kuja kujifanya mke au kaka na kulia mbele ya bosi. Kwenye kesi nyingine za baadaye waliwindwa watu wenye ulemavu wa akili, kwa sababu hakuna anayewauliza.

Kilichopunguza jambo hili, kwa mtazamo wangu, ni kupungua kwa migodi yenyewe kuliko ukali wa adhabu. Kati ya 2008 na 2010 Shanxi iliunganisha migodi yake kutoka takriban 2,600 hadi takriban 1,000. Kufika 2014 vifo vya migodi ya makaa nchi nzima vilikuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Kifusi kimoja kwenye mgodi wenye kamera, daftari la wanaoshuka na kitambulisho cha chipu hakipiti kimya kimya. Kwenye shimo la watu thelathini na winchi moja kinapita.

Kuhusu kuhukumu, mimi fundi wa mashimo, naliacha.

MWANAKHERI

Mbishi, swali lako la kwanza ni zuri kuliko ulivyoliweka. Filamu haiwasafishi. Tang anabaki mbaya hadi pumzi ya mwisho, na Li Yang hampi hata dakika moja ya utotoni ya kutulainisha. Inachofanya ni kuonyesha kwamba wauaji na bosi wanazungumza lugha moja. Bosi mmoja anasema wazi kwamba China imepungukiwa na kila kitu isipokuwa watu. Tang angeweza kuisema sentensi hiyo neno kwa neno. Tofauti yao ni kwamba bosi anaua kwa kutonunua matimba, Tang anaua kwa mkono wake, na dunia ile inamlipa wa kwanza zaidi.

Kuna pia kipande cha karaoke ambacho watu hukicheka na kupita. Song na Tang wamepewa maikrofoni, wanaanza kuimba wimbo wa kisiasa wa miaka ya 1950 unaousifu ujamaa, ndio wanaoujua kwa moyo tangu shule. Wanawake waliokodiwa kuwaburudisha wanawaambia maneno yao yamepitwa na wakati, na kuwafundisha mapya: wapinga mapinduzi hawakuangushwa kamwe, mabepari wamerudi na dola mfukoni. Msomaji aliyekulia Tanzania na nyimbo za Azimio midomoni atajua mara moja kilicho kichekesho na kinachouma hapo. Usikipitishe, Kandili. Ndiyo hotuba uliyosema haipo, imetolewa kwenye chumba cha karaoke na watu ambao hakuna atakayewaandika kwenye muhtasari.

KANDILI

Asanteni sana, nimejaza daftari. Mawili tu. Filamu kama hii iliruhusiwaje? Na kuna aliyenishauri tuiunganishe na Mang Shan ya mwongozaji huyo huyo, tuonyeshe mbili kwa siku moja. Inafaa?

MWANAKHERI

Haikuruhusiwa. Utaratibu ni kwamba muswada unapelekwa kwenye mamlaka ya filamu, unapitishwa, kisha filamu iliyokamilika inakaguliwa ndipo inapata muhuri wa kuonyeshwa sinema. Li Yang, aliyekuwa ameishi Ujerumani miaka mingi, hakuupeleka muswada huu. Alipiga picha ndani ya migodi halisi, kwa pesa ya kuchangachanga, na mhusika wa Yuan akampa Wang Baoqiang, kijana wa kijijini aliyekuwa hajulikani na akihangaika na kazi za kupita nyuma ya picha huko Beijing. Leo ni mmoja wa nyota wakubwa wa vichekesho China. Filamu ikapata tuzo ya Dubu wa Fedha kwenye tamasha la filamu la Berlin 2003, na nyumbani haikuingia sinema. Watu waliiona kwa diski za magendo.

Mang Shan ya 2007 ilipita njia nyingine, na ndiyo sababu inafaa kulinganishwa. Bai Xuemei, msichana aliyemaliza chuo, anadanganywa kazi, anaamka kwenye kijiji cha milimani akiwa ameuzwa kwa yuan 7,000 kama mke. Safari hii mwongozaji alipeleka filamu kwa wakaguzi, ikakatwa sehemu nyingi, na mwisho ukawa wa aina mbili: toleo la ndani polisi wanaokoa, toleo la nje Bai anashika panga la jikoni. Kama mna muda, onyesheni dakika za mwisho za matoleo yote mawili mfululizo. Hutahitaji kueleza ukaguzi ni nini.

Ila kuzionyesha mbili kamili siku moja sishauri. Mang Jing ina dakika kama 92, Mang Shan haiko mbali na hapo, na watu watatoka wamechoka na huzuni badala ya kufikiri. Tena uhalifu ni tofauti. Katika ya kwanza kijiji hakipo, kila mtu ni mgeni. Katika ya pili kijiji kipo mno. Mtu wa posta anamkabidhi mume barua za Bai. Polisi wakija, wanakijiji wanawazuia njia. Mama mkwe anashiriki, kwa sababu bila mke hakuna mjukuu, na uwiano wa watoto wanaozaliwa ulikuwa umeharibika: sensa ya 2000 ilikuta wavulana karibu 117 kwa kila wasichana 100. Sheria yenyewe ilimbana muuzaji kuliko mnunuzi. Muuzaji anaweza kuhukumiwa kifo. Kifungo cha mnunuzi hakizidi miaka mitatu, na hadi 2015 aliyekuwa hajamzuia mwanamke kuondoka aliweza kusamehewa kabisa. Januari 2022 alipoonekana kwenye video mwanamke aliyefungwa mnyororo shingoni wilayani Feng, Jiangsu, jina la filamu hii lilirudi kwenye mitandao ya China.

MBISHI WA KWELI

Hapo nimekubali yaishe. Lakini Kandili bado hajaambiwa wapi pa kusimamisha.

MATIMBA

Vipande vinne vinatosha, na kimojawapo ni cha ukimya.

Simamisha kwenye mazungumzo ya bosi wa kwanza na msaidizi wake, kabla pesa haijatoka, uwaulize watazamaji wao wangelipa nani. Simamisha kijiweni Tang anapomwona Yuan mara ya kwanza. Tazama anavyompima kwa macho kama mnunuzi wa mbuzi mnadani. Karaoke ameshaisema Mwanakheri.

Cha nne ni mwisho. Wale wawili wanaangamizana chini, baruti inalipuka, kijana anapanda juu peke yake. Kwa bosi, huyu ni mtoto wa kaka wa marehemu: anawekewa karatasi asaini, anapewa pesa ya kifo cha "baba yake mdogo". Anaona aibu, hajui aseme nini, anaishia kuichukua. Picha ya mwisho ni moshi kwenye bomba la tanuri la kuchomea maiti, kijana akiutazama. Acha picha ibaki kwenye ukuta dakika moja, taa zisiwashwe.

Kisha waambie jambo ambalo wengi hawalijui. Filamu imetokana na riwaya fupi, Shen Mu, ya Liu Qingbang, mtu aliyefanya kazi mgodini miaka tisa kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti la sekta ya makaa. Kwenye riwaya kijana anafanya kinyume. Anamweleza mwenye mgodi kila alichokiona, na kwamba jina lake halisi ni Yuan Fengming. Mwenye mgodi anampa nauli ya kurudi kwao, basi. Hajampata baba, hana pesa, amebeba mkoba wa vitabu na hajui aelekee wapi.

Waulize kwa nini Li Yang aliubadilisha mwisho huo. Wengine watasema amemwonea kijana huruma, apate walau ada. Mimi naona amekuwa mkatili zaidi kuliko Liu: kwenye riwaya kijana anatoka maskini na msafi, kwenye filamu anatoka ameshika pesa ile ile, aliyoipata kwa uongo ule ule, kwa karatasi ile ile waliyosaini wauaji wa baba yake.

KANDILI

Mkuu Matimba, hapo kwenye nauli umenimaliza. Nitaanza na hilo badala ya kumalizia nalo. Na manukuu nitayasahihisha mwenyewe: baba mdogo, kila mahali.